Kiwango cha Juu

"Ongeza boti nyingine," alisema Mwijage.

"Unayo nyingine, bosi?"

"Ninazo tatu. Nimetaja mbili kwa mazoea tu."

Petronila akafuta mbili, akaandika tatu. Ana kiduka cha stationari karibu na soko la Bukoba, lakini kinachomlisha si kalamu wala madaftari. Anawajazia watu fomu za mtandaoni: ajira, vyeti, kodi. Mwijage, mfanyabiashara wa samaki wa Muleba, alikuwa amekuja kudai arudishiwe sehemu ya kodi yake. Kwa miaka mitatu amekuwa akichangia mfuko wa pensheni wa hiari, na wiki iliyopita mtu mmoja baani alimwambia kuwa michango ya namna hiyo ina nafuu ya kodi, na kwamba mwenye kipato kikubwa hupata nafuu ya kiwango cha juu. Hata bia yake hakuimaliza.

Mwijage akiambiwa alipe kodi huumwa. Siku hiyo alikuwa mzima wa afya, kavaa viatu vya ngozi na miwani ya jua, ingawa alikuwa ndani ya nyumba.

Hapa Bukoba watu hawakai pamoja dakika mbili bila kuulizana: wewe ni wa kwa nani, ukoo gani, nyumbani wapi. Petronila alimuuliza tangu alipoingia, akamsogezea na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Mwijage akajieleza mpaka kwa babu wa babu yake. Alinogewa mno, hata akasahau kumrudishia binti swali.

"Wewe ndiye Mwijage yule mwenye boti za visiwani?" Petronila aliuliza, vidole vimesimama juu ya kibodi.

"Kumbe nasikika mpaka huku!"

"Unasikika sana, waitu," alijibu Petronila kwa heshima ya Kihaya.

Basi fomu ikaendelea. Petronila akapiga hesabu, akatikisa kichwa. "Kwa boti peke yake hufiki kiwango cha juu, bosi."

Mwijage aliumia. Hakuna aliyewahi kumwambia usoni kwamba pesa zake ni kidogo.

"Weka lori la barafu. Weka shamba la kahawa la Buganguzi, ekari nane. Weka nyumba ya wageni."

"Nyumba ya wageni ni ya kwako?"

"Kwenye karatasi ni ya dada yangu, ila hela nachukua mimi. Andika yangu."

Petronila alikuwa akikisoma kila kitu kwa sauti kabla ya kukiandika, na kwa kila kitu aliomba ushahidi. Mwijage akautoa wote kwenye simu yake: risiti, mikataba, taarifa za benki. Kwa miaka mingi alikuwa ameuficha utajiri huo, na sasa aliona raha kuutaja mbele ya mtu anayeuandika vizuri. Mwishowe skrini ikaleta jibu: kiwango cha juu, nafuu ya milioni mbili na laki nane. Akapiga makofi peke yake.

"Bado wategemezi," alisema Petronila. "Una watoto?"

"Wakiwepo naongezewa?"

"Huongezewi."

"Basi sina."

Petronila akamtazama. "Huna kabisa?"

Mwijage akacheka. "Wapo mapacha, mama yao anaitwa Consolata. Amenishtaki, anataka matunzo. Nimekwenda mahakamani mara mbili, nimevaa kandambili na shati la kupalilia. Nikamwambia hakimu mimi ni mvuvi wa kuazima nyavu, hata pa kulala nategemea dada yangu. Hakimu alinihurumia, nusura anichangie nauli! Jumatatu anatoa uamuzi."

"Na kwao huyo mama wanasemaje?"

"Nitajuaje? Sijawahi kukanyaga kwao. Kwenda kujitambulisha ni gharama, binti. Pombe, mbuzi, blanketi la bibi. Simjui hata mmoja, na hakuna anayenijua."

Petronila alicheka naye kidogo, kisha akarudi kwenye fomu. "Tusiidanganye serikali, bosi. Naandika watoto wawili. Nafuu yako haipungui hata senti."

"Kama haipungui, andika."

Akamsomea tamko la mwisho: kwamba yote aliyoyaeleza ni kweli, na kwamba akibainika kudanganya sheria itamshughulikia. Mwijage alisikiliza huku akitikisa kichwa kukubali, maana kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze hakuwa amedanganya mahali popote. Petronila akatuma dai, akachapisha. Zikatoka nakala mbili. Mwijage akatia saini kwenye ya kwanza, saini ndefu yenye mkia.

"Hii ya pili niichane?"

"Uichane? Ibandike hapo ukutani, watu wajue unahudumia watu wa aina gani!"

"Basi itie saini nayo."

Akaitia, na mkia akaurefusha zaidi. Akalipa elfu kumi kwa kazi ya elfu tano, akakataa chenji, akaichukua nakala yake na kuelekea mlangoni. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka na adabu ikamrudia. Akageuka.

"Binti, nisamehe. Nimekaa hapa saa nzima sijakuuliza. Wewe ni wa kwa nani?"

Petronila alikuwa ameshaitia nakala ya pili kwenye bahasha, anaifunga.

"Kwa mzee Rwekaza, Kishanda," alisema. "Dada Consolata anakusalimu, shemeji. Tuonane Jumatatu."