Fisi na Hesabu ya Mwezi

Hapo kale wanyama walao nyama walikuwa na mwombaji wao, Mzee Fisi. Kila mara mwezi ulipoanza kupungua alilia, "Dhambi zenu zinaula! Leteni minofu niuombee." Wakaleta, akaomba, mwezi ukarudi, naye akanenepa.

Jioni moja Nungunungu, mpenda kupima kila kitu, akasimamisha yai la mbuni juu ya kichuguu, jua likilipiga ubavuni. "Hebu lizungukeni," akawaambia. Upande wa jua wakaliona jeupe lote. Walipokwenda pembeni wakaona nusu, na upande wa pili kiza kitupu.

"Haya, yai limeliwa?" akauliza Nungunungu.

"Zima kabisa!" akasema Mbweha. "Kumbe na mwezi nao ni pale tuliposimama tu! Mzee Fisi, ile minofu yetu uliila ya nini?"

Fisi aliiona njaa inamjia waziwazi. Akapiga magoti, machozi yakamtoka. "Wanangu, nimekosa. Ni ujinga wangu, Mola anisamehe. Mwalimu Nungunungu, kwani siku ya mwezi kupungua hujulikana mapema?"

"Bila shaka. Hesabu siku kumi na tano tangu mwezi uandame."

"Alhamdulillahi!" Fisi akainuka. "Mmesikia? Zamani mlichelewesha sadaka kwa kutoijua siku. Sasa mna udhuru gani?"

Wakaanza kuhesabu siku. Mwezi ule minofu yote ilifika mapema, hata ya Mbweha, na Fisi akala huku akimshukuru Mola kwa neema ya elimu.