Mshumaa wa Keki

Verlin alikuwa ameshakaza vibano vya kubana gundi ikauke kwenye mlango wa kabati, hapo gereji kwake Wisconsin, ndipo akakumbuka hakupaka pembe za ubao wa kati nta ya kuzuia gundi isiushike.

Sasa ubao ule haugundishwi. Unachomekwa tu ndani ya fremu ukae huru, maana joto la unyevunyevu likija unavimba, baridi kavu ikija unanywea. Gundi ya fremu ikiudaka, baridi ya Januari haiishi haujapasuka. Na huo ndio ulikuwa ubao wa mwisho wa mti wa mcheri alioupanda marehemu mama yake.

Gundi ilishafurika nje kila pembe. Akaweka kwenye ubao kidole gumba, kile chenye kovu la msumeno, akasukuma.

Ubao ukasogea.

Akanusa kidole. Kinanukia vanila.

“Nani kapaka nta?”

“Mimi, kwa mshumaa wa keki yako ya kuzaliwa ya juzi,” mkewe akajibu huku anafagia maranda. “Nilipaka ulipokwenda kunywa kahawa, kabla hujatia gundi. Miaka arobaini unasahau pembe, mzee. Ulidhani milango yote ile ilipona yenyewe?”

Verlin akachomoa penseli sikioni. Huwa anaandika jina lake nyuma ya kila mlango anaoumaliza. Safari hii akaigeuza penseli, akampa mkewe.