Loshoro ya Mwezini

Mke wa Gadiel alikuwa mwezini, na kuna mwanamume alikuwa naye huko.

Hilo la mwanamume aliambiwa na Diana, mke wa jirani yake Abdiel, siku aliyopita kununua maziwa. "Shemeji, kumbe marehemu hakwenda peke yake," Diana alisema huku akisuuza kibuyu. "Mle ndani kuna mwanamume, ana sauti nzito, na Magdalena anamchekea." Kisha akacheka mwenyewe. Gadiel akaondoka bila maziwa.

Magdalena alizikwa palepale nyumbani, Kikatiti, pembeni mwa kahawa. Kilichokwenda mwezini ni sauti yake. Kabla hajaugua walikuja wageni wanaokusanya lugha za dunia, waziweke kwenye kisahani cha chuma na kukirusha juu kwa roketi, ili hata watu wakija kwisha, maneno yabaki. Kwa Kimeru walimchagua yeye. Walimkalisha jikoni kwake aeleze anavyopika loshoro, mahindi yake na maziwa yake ya mgando. Abdiel, mwinjilisti wa usharika, ndiye aliyekuwa mkalimani.

Siku ile Gadiel alirudi kutoka kuchunga, njaa inamkata, akasukuma geti la bati huku ananung'unika kama kawaida yake. Gari la wageni hakuliona, lilikuwa nyuma ya migomba. Alipoingia jikoni akamkuta Abdiel amekalia kigoda chake. Kigoda chake yeye, cha mwenye nyumba. Akageuka, akatoka nje bila salamu. Wageni walienda zao, loshoro ikaliwa, lakini kile kigoda hakukisahau.

Mwaka uliofuata kifua kikambana Magdalena. Zahanati ilikuwa na mtambo wa kupumulia, umefunikwa kitambaa safi, unasubiri fundi. Ulikuwa bado unamsubiri siku walipomzika.

"Wakubwa wa serikali hao hao," Gadiel alikuwa akimwambia kila aliyekubali kusimama, "walipokuja watu wa mwezini walijaa hapa na magari yao, wanapiga picha. Sauti ya mke wangu walijua kuipandisha juu. Pumzi yake ikawashinda."

Redio ilipotangaza kwamba watu wameuzunguka mwezi na kurudi salama, aliizima.

Yeye hakuwa na sauti ya mkewe hata chembe. Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Abdiel ndiye aliyekuwa nayo, kwenye simu yake kubwa, nakala waliyoiacha wageni. Mwezi ukipanda umejaa, Gadiel alimwona ng'ambo ya ua, amekaa nje, uso juu, anatabasamu. Roho ilimuuma mpaka akaanza kukaa akiupa mwezi mgongo.

Mara mbili aliomba asikilizishwe. Mara mbili Abdiel alitazama viatu vyake.

"Kaka, achana nayo. Ningekuwa wewe nisingeisikiliza."

"Kuna nini mle?"

"Hakuna kitu, kaka. Mambo ya jikoni."

Basi Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, watu walitoka nje kwa ajili ya mnada wa sadaka, mikungu ya ndizi, mayai, kuku wamefungwa miguu. Abdiel ndiye aliyenadi, kama miaka yote, jogoo mkononi.

"Jogoo wa mama Ummy huyu, anawika mpaka Moshi wanaamka. Nani anaongeza?"

"Naongeza mimi," alisema Gadiel, akapita katikati ya watu. "Waambie washarika, wewe na mke wangu mlisemezana nini mle jikoni kwangu."

Abdiel akamweka jogoo chini taratibu.

"Twende kwangu, kaka. Leo nitakuwekea, usikilize peke yako."

"Gizani kwako nimechoka. Hapa ni kweupe, na spika ya kwaya ile pale. Weka."

"Shemeji, msikilize mwenzako," alisema Diana, na safari hii hakuwa anacheka.

"Wewe nyamaza. Unaibiwa mume na unasuuza kibuyu."

Abdiel akatoa simu, akaenda kwenye spika, akachomeka waya.

Spika ikakoroma, halafu Magdalena akaanza kusema. Alisema kwa Kimeru kile cha nyumbani, bila haraka, mahindi uyakoboe kwanza, usiyaharakishe, maziwa yasubiri chakula kipoe. Kina mama wakashika mashavu. Gadiel hakuyaondoa macho yake usoni kwa Abdiel. Alitaka kuona uso ule utakavyokuwa.

Ndani ya spika, geti la bati likalia.

Mwanamume akaingia. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu anayekuja anasema kabla hajafika.

"Wewe mwanamke! Unapiga domo na nani, na jiko limezima? Kila siku loshoro ni ya maneno tu. Siku nitakayokikuta chakula tayari humu ndani, nitachinja mbuzi!"

Pale uwanjani hakuna aliyemtazama Abdiel. Wote waligeuka kumtazama Gadiel.

Kwenye spika wageni walinong'ona, kisha ikasikika sauti ya Abdiel, ya chini, ya mtu mwenye haya: "Wanaomba radhi, mama. Wanasema hicho kipande cha baba watakikata."

Magdalena akacheka.

"Wasikikate. Kule mbali kote, peke yangu, nani atanidai chakula?"