Sitoki

Miaka yote Mheshimiwa Lwembe aliitikia "ndiyo" pamoja na chama chake. Siku Bunge lilipojadili kuuhamisha mji wake ili lijengwe bwawa, usingizi ukamchukua kitini. Akawa mtoto tena, anaoga mtoni, na marehemu mama yake kasimama ukingoni na khanga ya kumfutia.

"Lwembe, toka, twende!"

"Sitoki!"

Ukumbi mzima ukageuka. Spika ndiyo kwanza alikuwa ameuliza, "Wasioafiki?"

"Mheshimiwa, unapinga au unaota?"

Vicheko vikalipuka. Jirani yake akamvuta koti. "Sema ulikuwa unaota, mzee wangu. Chama kitakufukuza."

Lwembe akasimama taratibu. "Vyote viwili, Mheshimiwa Spika. Sitoki."

Kisha, kwenye viti vya nyuma, mtu akaanza kugonga meza polepole, kama mgeni anayebisha hodi.