Kondoo wa Haji Mifleh

"Hakuna kondoo atakayechinjwa mpaka boriti hii ing'olewe," Ruba alisema kwa hasira.

Walikuwa watatu kwenye ukumbi wa ghorofa ya pili ya hospitali ya figo, mjini Irbid: yeye mhandisi, Haji Mifleh mkandarasi, na mzee Abu Qusai, msimamizi wa mafundi. Juu ya vichwa vyao bomba pana la hewa lilikuja moja kwa moja, likaingia tumboni mwa boriti kama kisu kwenye tikiti.

Watu wa mabomba walichora yao, watu wa zege wakachora yao. Miezi yote ya kuchora Ruba aliwasihi wakae pamoja, michoro iunganishwe iwe jengo moja. Wakamjibu kwamba kazi ya ujenzi haikuanza siku aliyozaliwa yeye.

Abu Qusai alicheka kidogo. "Mwanangu, hapo ni kutoboa tu. Bomba linapita, dari inafunika. Nani ataona?"

"Shadi aliona, ami."

Kicheko kikakatika. Shadi ni mdogo wake Ruba. Katika jengo lililopita, boriti iliyotobolewa na vijana wa Abu Qusai ilimwangukia akifunga taa, na mpaka leo anatembelea magongo. Abu Qusai, ambaye hakuwahi kupita karibu na nguzo bila kuipiga kofi asikie inavyolia, aliinua mkono, kisha akaushusha bila kugusa kitu.

Haji Mifleh hakuwa na habari na Shadi. Habari yake ilikuwa wageni. Wakubwa wa mji wameketi, alisema, shehe keshafika, masufuria ya mtindi wa kupikia nyama yanachemka, na kondoo wa kubariki ujenzi amefungwa tangu alfajiri. Sasa atoke akawaambie nini? Kwamba binti mmoja amelikasirikia bomba? Irbid nzima itamcheka. Hiyo boriti itatengenezwa baadaye, kwa nyundo na patasi, kama walivyofanya baba zao.

"Hiyo baadaye yenu ndiyo iliyomvunja ndugu yangu," Ruba alisema. "Sitii saini. Mchinjeni huyo kondoo mkitaka, lakini wa pili kumwagika damu hapa hatakuwa kondoo."

Haji alimgeukia Abu Qusai, akitegemea mzee mwenzake amkemee huyu mtoto asiye na adabu. Abu Qusai alikuwa akilitazama bomba. Alilifuata kwa macho mpaka mwisho wa ukumbi, likiingia boriti ya pili, likitoka, likiingia nyingine, na nyingine tena.

"Ng'oa," akasema taratibu. "Ng'oa zote."

"Mmepandwa na wazimu nyote wawili," Haji alifoka.

Ruba hakungoja. Alinyoosha kidole, akaiondoa boriti ya kwanza, na haikuanguka hata chembe ya vumbi.

Kisha wakavua miwani mizito ya kompyuta machoni. Ukumbi wa michoro ukatoweka, ikabaki meza, kompyuta na joto la hema. Nje, katikati ya kiwanja ambacho jembe lilikuwa bado halijakigusa, kondoo alikuwa akitafuna miiba.