Kila Seli na Mzazi Wake

Abeni aliinamisha jicho kwenye hadubini akaiona damu ya mwanawe: seli za mviringo tele, na katikati yake nyingine zimepinda kama mundu.

"Ndizo zinazomvimbisha vidole," alisema mpimaji. "Maumivu yatakuwa yakienda na kurudi, mama, maisha yake yote."

Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa Abeni, vidole vimeumuka kama maandazi.

"Dada, hiyo hadubini yako ina wazimu," mumewe alisema, akijilazimisha kucheka. "Mimi ni AS, huu ugonjwa wa selimundu nimeubeba, najua. Lakini mke wangu ni AA, hana kabisa. Cheti chake mchungaji alikishika kwa mikono yake kabla ya kutufungisha ndoa."

"Seli haidondoki kutoka mbinguni, kaka. Kila seli imezaliwa na seli iliyoitangulia. Huyu amerithi kwako, na amerithi kwa mama yake."

Abeni alikunja ngumi. Tangu shuleni alijua kwamba naye ni AS. Siku ya kupimwa kanisani, kwa hofu kwamba mchungaji angewakatalia ndoa wakiwa AS wote wawili, alimtuma dadake aliye AA akatoe damu kwa jina la Abeni.

"Basi waliomwandikia cheti ni waongo," mumewe alisema, akamshika mkewe bega kwa upole. "Mpime na yeye sasa hivi, tukawaumbue."

Mpimaji alichana pakiti ya sindano. "Lete kidole, mama."

Abeni hakusogea. Mumewe ndiye aliyeikunjua ile ngumi, taratibu, kidole kimoja kimoja.