Chai ya Mzamiaji

Midomo ya marehemu ilikuwa myekundu. Maneno yalianzia hapo.

"Maiti gani hiyo yenye midomo ya bibi harusi?" jirani mmoja alinong'ona alipotoka kuaga. Kabla jua halijatua, simu za mji mzima zilikuwa na jibu: yule mzamiaji wa bandarini hakufa maji. Kalishwa kitu. Na wa kumlisha ni nani, kama si mkewe, aliyempa chai asubuhi ileile?

Ni kweli alimpa. Kazi ya mumewe ilikuwa kukwangua matumbo ya meli huko chini, mtungi wa hewa mgongoni. Kazi yake yeye ilikuwa kuuza chai gatini, ambako kila mtu alimwita Shemeji. Siku ile ilinyesha mvua ya kwanza. Alihamisha jiko lake la mkaa hadi nyuma ya banda la mitungi, chini ya kipande cha bati ambacho mumewe alikuwa amemgongomea juzi yake. Pazuri pale! Makaa yalishika yenyewe bila kupepewa. Ndani mashine ilinguruma ikijaza hewa mtungi wa mumewe. Nje mume na mke walicheka.

"Mke wangu," alisema akirudisha kikombe, "chai yako ndiyo inayonirudisha juu."

Akazama. Wenzake ndio waliomrudisha juu.

Baada ya maziko hakuna aliyenunua chai. Makuli waliokuwa wakigombea vikombe sasa walipita mbali. "Shemeji, daktari kanikataza chai," alisema mmoja, huku kashika kikombe cha muuzaji mwingine.

Mama mkwe hakuwa na utani. Alimchukua mjukuu, binti mdogo ambaye bado ananyonya kidole, akafunga mlango.

"Mama, nirudishie mwanangu. Ndiye pekee niliyebaki naye."

"Lisemwalo lipo, mkwe. Kama halipo, laja. Siku nitakayojua kilichomuua wangu, utamchukua wako."

Tangu hapo usingizi ulimpaa mjane. Kila asubuhi aliwasha jiko bila wateja, kisha akaenda kumganda mkaguzi wa ajali kama ruba.

"Pimeni chai, pimeni sufuria, nipimeni na mimi! Semeni tu kilichomuua."

"Chai ni safi," mkaguzi alimwambia hatimaye. "Sumu ilikuwa kwenye hewa ya mtungi. Haina rangi wala harufu, na ndiyo inayoacha midomo myekundu. Hutoka pale kitu kinapoungua, mara nyingi kwenye injini."

Simu zikageuka siku ileile. Sasa muuaji alikuwa mjaza mitungi, mtu mpole waliyemwita Pumzi. Watu walijaa bandani, wengine wakitaka atoswe majini na jiwe shingoni. Mjane alikuwa mbele yao wote, kamkaba shati.

"Umenilia mume, sasa unanilia na mtoto!"

"Shemeji, mashine yangu ni ya umeme, sumu itaitoa wapi?" Machozi yalimtiririka Pumzi. "Bomba linavuta upepo wa Mungu huko nyuma, mimi nautia mtungini. Basi!"

Mkaguzi akaiwasha mashine, akaweka kipimo kwenye hewa iliyokuwa ikitoka. "Kukiwa na sumu, kitalia."

Wakasubiri. Kipimo kimya.

Macho ya watu yakaanza kumrudia mjane, mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe, aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akatikisa kichwa na kugeuka aende zake.

"Mama, subiri! Bwana mkaguzi, usiizime, nakuomba. Iache izunguke kama siku ile."

"Haya. Kidogo tu," mkaguzi alisema, akitazama nje. Mvua ilikuwa imeanza.

Mtoto akapiga chafya. Mama yake hakuweza kuvumilia. Kama hakuruhusiwa kumshika, angalau amchemshie chai. Akatoka mbio, akalibeba jiko kabla matone hayajalizima, akalitua nyuma ya banda, chini ya bati la mumewe, karibu na mdomo wa bomba. Akabandika sufuria. Makaa yakashika yenyewe, mekundu, bila kupepewa.

Akapiga magoti kwenye tope, akaomba kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba: "Mungu wangu, kilie. Kilie tu, nimpate mwanangu."

Maji yakaanza kuchemka. Ndani ya banda, kipimo kikalia.